Pedi Mpya, Tairi Gumu
Pikipiki ya matope ikibadilishwa pedi za breki ya nyuma, kisha tairi likagoma kuzunguka, mafundi wengi hukimbilia kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Upepo hulegeza breki, jamani, haubani! Mimi ningeanza na pedeli. Ikikosa mchezo, pistoni ya silinda kuu hairudi hadi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimeziba, na diski ikipata moto mafuta yanatanuka, breki inazidi kubana. Legeza nati ya chuma cha kusukumia pistoni hiyo, ukizungushe chuma hicho mpaka pedeli icheze milimita chache. Bado? Chomoa pini za kaliperi; zikiwa na kutu, kaliperi haitelezi. Na kabla hujapanda, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu; baada ya kurudisha pistoni ya kaliperi nyuma ili pedi mpya ziingie, mkanyago wa kwanza huzama tu.