Jukwaa na Uwanja

Siku hizi lipo dai linalosemwa kwa sauti kubwa na watengenezaji wa majukwaa ya muziki na ya michezo ya kuigiza, ya kuwa sanaa yao imefika kileleni kwa sababu sasa yaweza kumzamisha mtazamaji. Chuma hupangwa juu ya chuma, skrini huwashwa nyuma ya mwimbaji, moshi hupulizwa, taa huzungushwa, na mtu aliyelipa kiingilio huambiwa kuwa amezama katika ulimwengu mwingine. Dai hili lastahili kupimwa, na pa kulipimia ni Mwanza.

Kando ya Ziwa Victoria kuzama ni neno la msiba. Watu waliozika wafu wa MV Bukoba mwaka 1996 hawalichezei. Aliyezama haoni, hasikii, wala mikono yake haina hiari. Mwogeleaji yumo katika maji yale yale, lakini huyakata kwa nguvu zake mwenyewe. Basi haitoshi kuuliza kama mtazamaji amezungukwa na jukwaa. Yafaa kuuliza kama, akisha kuzungukwa, anayo kazi ya kufanya.

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa jiji, katika barabara iendayo Shinyanga. Mtu atokaye huko, akapita Usagara na kushika njia ya Kisesa, hufika Bujora, yalipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa mwaka 1968 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Anayedhani kuwa ubunifu wa jukwaa uliletwa Usukumani pamoja na umeme atasahihishwa huko.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa waganga wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi vya vyama hivi hushindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Mtazamaji hana kiti alichofungiwa. Yu huru kwenda huku na kurudi kule, na kundi lililovuta umati mkubwa zaidi ndilo lishindalo. Hukumu hutolewa kwa miguu. Mcheza ngoma aliyechoka huona mara moja mgongo wa mtu aliyemkinai, na manju mwenye akili hubadili wimbo kabla uwanja haujahama.

Wala isidhaniwe kuwa wachezaji hao hushindana kwa miguu na sauti peke yake. Katika bugobogobo majembe hurushwa juu na kudakwa kwa mapigo ya ngoma. Wengine huingia na chatu mzima na kucheza naye. Wengine huficha sanamu za miti zenye viungo vinavyochezeka, wakazitoa ghafula wakati umati unapoanza kuyumba. Hizi ni hila za jukwaa, na hazipungui ustadi kwa kukosa waya. Lakini kila hila hushikwa na mkono wa mtu, hutokea mbele ya macho ya jirani, na hujibiwa papo hapo. Skrini haijibiwi. Ikipendwa au ikichukiwa, picha yake hupita vile vile.

Jukwaa linalosifiwa leo kuwa jipya lina ukoo mkongwe. Mwaka 1618 huko Parma, Italia, ulijengwa ukumbi wa Farnese, wenye fremu kubwa iliyotenga waigizaji upande mmoja na watazamaji upande wa pili. Mwaka 1876 Wagner alifungua ukumbi wake wa Bayreuth, akawaficha wapiga muziki shimoni na kutia giza mahali walipoketi watu, ili macho yasione kitu ila ndoto iliyo mbele yao. Skrini ya leo ni mtoto wa fremu ile, na moshi wa leo ni mjukuu wa giza lile. Si aibu kuazima. Aibu ni kuazima cha mbali na kukidharau cha nyumbani kabla ya kukitazama.

Yatajibiwa kuwa uwanja wazi ni mambo ya kijijini, na kwamba mchezo wenye fikra nzito wahitaji ukumbi. Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, yavunja hoja hiyo. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa huko walijenga kwa mikono yao uwanja wa maonyesho usio na paa, wakaigiza humo Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na waliokuja kutazama walisahihisha waliokuwa wakiigiza. Serikali iliupiga marufuku mchezo mwaka ule ule, na mwaka 1982 askari walitumwa kuubomoa uwanja wenyewe. Mbao na udongo viliogopwa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuvifanya vyao.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi: msanii naye hula, na uwanja usio na mlango haukusanyi kiingilio. Ni kweli. Basi uzio na uwe nje, mlangoni. Ubaya ni uzio wa ndani, ule uwatengao wenye meza na vinywaji karibu na mwimbaji, na kuwasukuma wengine nyuma ya vyuma wamwone katika skrini. Hapo ubunifu wa jukwaa umegeuka kazi ya kupanga matabaka, na taa zote za dunia haziwezi kuifunika kazi hiyo.

Taa hazina kosa. Usiku wa Mwanza ni giza kama usiku wa kwingine, na kipaza sauti ni rehema kwa koo. Lakini mbunifu apewaye kiwanja Buhongwa na aanze kwa kukitembea: ajue mteremko wake, machweo yatampiga nani usoni, upepo utaichukua sauti wapi, na jabali lipi laweza kuwa kiti, ngazi au ukuta. Na ajenge majukwaa mawili yanayotazamana, awape watu njia pana katikati, na sehemu ya taa zake aielekeze kwa umati. Na aache mahali patupu ambapo yeye hakupanga kitu.

Kisha aiache miguu ya watu iamue. Kama kazi yake ni njema, watasogea karibu. Kama si njema, wataondoka, naye atakuwa amejifunza jambo ambalo skrini haiwezi kumfundisha.