Ticha Akikaa Kinango Miaka 30, Sistimu Inamwona Kama Amelala

Wasee, mnamkumbuka Peter Tabichi? Yule ticha wa sayansi, bruda wa Wafransisko, aliyeenda Dubai Machi 2019 akarudi na Global Teacher Prize na dola milioni moja. Kila simu Kenya ilikuwa na picha yake. Jamaa alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu, na shule yake, Keriko, iko kijiji kinaitwa Pwani. Sisi wa South Coast tuliposikia Pwani tukaanza kujigamba, kumbe Pwani hiyo iko Njoro, Nakuru, mahali hata mnazi haumei.

Pwani yenyewe, ile unavuka feri Likoni ukaingia matatu ya Ukunda, ina maticha wa aina hiyo tangu kitambo. Hawajaitwa Dubai, na wengi hata gazetini hawajatokea. Hilo si noma sana. Noma ni kwamba ticha akikaa shule moja ya Kinango ama Msambweni miaka 30, akajua kila boma na shida ya kila mtoto, faili yake inasomeka kama ya mtu aliyekwama. Anayehamahama ndio anaonekana mjanja. Leo tuichambue hii stori polepole, kwa sababu inatuhusu sisi tuliofundishwa na hao watu.

Nyuma ya bichi kuna shule

Ukiambiwa Kwale najua unawaza Diani, mchanga mweupe na ngamia wa kupigia picha. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 kaunti hii, na wengi wao hawalali karibu na hoteli. Toka Ukunda, panda hadi Kwale mjini, kisha uteremke Kinango uone vile mambo yanabadilika. Huko ni ukame, mabwawa yanayokauka na watoto wanaopiga mguu mrefu kabla ya kengele. Serikali inatuma KSh 1,420 kwa kila mtoto wa primary. Hiyo ni ya mwaka mzima, si ya wiki. Pale Diani ni pizza moja na soda.

Halafu kuna suala la lugha. Kwale si kabila moja. Kuna Wadigo, kuna Waduruma, kuna Wakamba waliopewa mashamba Shimba Hills. Shimoni, Wasini na Vanga kuna Wavumba, Wachifundi na Wapemba. Kule Makongeni, Msambweni, kuna Wamakonde. Ongeza watu wa bara waliokuja kusaka kazi za hoteli wakaoa, wakazaa, wakabaki.

Sera ya elimu inasema mtoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kwa karatasi inapendeza. Sasa muweke ticha mgeni, katumwa juzi, mbele ya watoto wa Kinango. Mtoto anamwambia anataka madzi, ticha anakodoa macho. Hiyo ni maji tu, na ni rahisi kukisia. Subiri mtoto aeleze kwa Kiduruma mbona hakuja shule wiki mbili. Ticha mgeni ataandika "mtoro" kwa rejista. Ticha mkongwe ataelewa kwamba mathe ya mtoto ni mgonjwa, na jioni atapita kwao mudzini. Hiyo tofauti haitoki chuo cha ualimu, inakuja na miaka.

Kesi ya Wamakonde

Kama bado hujashawishika, cheki hii. Wamakonde walitoka Msumbiji zamani za ukoloni, wakafanya kazi mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapa hapa, lakini kwa macho ya serikali hawakuwa Wakenya. Oktoba 2016 wakaamua liwe liwalo, wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao walingoja hadi 2023.

Sasa fikiria shule yenye hao watoto miaka hiyo yote. Mzazi hana kitambulisho, kwa hivyo cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni balaa kupata. Kisha serikali ikaleta NEMIS, ule mfumo wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, na mfumo ulitaka cheti. Bila cheti mtoto hakuwa na namba, na bila namba hata usajili wa mtihani ulikuwa vita.

Waziri hakuwa anapiga hodi kwa hao wazazi. Mtu wa kwanza kukutana na hiyo shida alikuwa ticha wa darasa na hedimasta: kuandika barua kwa chifu, kutafuta kadi ya kliniki, kumwambia mzazi arudi tena Jumatatu. Hiyo kazi haina alama popote. Ukifanyiwa tathmini ya utendaji, hakuna kisanduku cha "alihangaikia cheti cha mtoto wa Makongeni".

Miaka 38 ya chaki

Tuchukue mfano wa kubuni. Ticha kazaliwa 1965, kamaliza chuo cha Shanzu 1987, katumwa primary moja Msambweni. 8-4-4 ndio kwanza ina miaka miwili. Mwaka unaofuata kiwanda cha sukari cha Ramisi kinafungwa, na wazazi waliokuwa wakilipa ada kwa mshahara wa pale wanabaki mikono mitupu.

Agosti 1997 vita vinalipuka Likoni na kusambaa Kwale. Watu wa bara wanakimbia kwa maelfu, na pahali pa watu kukimbia hata maticha hukimbia. Wengine walirudi, wengine hawakuonekana tena. Oktoba mwaka huo walimu wakagoma nchi nzima, serikali ikaahidi nyongeza ya hadi asilimia 200. Ikasaini vizuri kabisa. 1998 ikafunga mlango wa kuajiri, ikawa anaajiriwa mwalimu mpya tu pale wa zamani ametoka.

2001 kiboko kikapigwa marufuku. 2003 Kibaki akaleta elimu ya bure, na wanafunzi wa primary Kenya nzima wakaruka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 ndani ya mwaka mmoja. Kumbuka mlango wa ajira ulikuwa umefungwa. Kwa hivyo ticha wetu, ambaye alikuwa na watoto 45, akaamka na 90, wengine vijana wenye ndevu waliorudi darasa la nne. 2009 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 55 hadi 60, akaongezewa miaka mitano. 2019 CBC ikaingia, akajifunza mtaala mpya akiwa na miaka 54. 2020 korona ikafunga shule kuanzia Machi. 2025 akaweka chaki chini.

Huyo mtu amefundisha mitaala miwili, marais wanne, na pengine bibi, mama na mtoto wa boma moja. Swali ni amepata nini.

Vile sistimu inalipa kuhepa

Mwaka 2018 mambo mawili yalitokea. La kwanza, TSC ilianza kutumia mwongozo mpya wa kupandisha vyeo. Zamani ukirudi shule ukapata digrii, cheo kilikuwa kinafuata. Siku hizi kupanda ni nafasi kutangazwa na wewe kuitwa intavyu, na nafasi nyingi za juu ni za uongozi: naibu, hedimasta. Shule ndogo ya kijijini ina hedimasta mmoja na naibu mmoja. Kama hizo nafasi zimekaliwa, ticha mzuri ana njia mbili, ahame ama akwame. Wengi waliobaki wamekwama.

La pili ni dilokalaisesheni, ile sera ya kutoa walimu, hasa mahedimasta, kaunti za nyumbani na kuwapeleka mbali. Nia ilikuwa Wakenya wachanganyike, na siwezi kuiponda nia. Lakini hedimasta Mdigo aliyekuwa anajua kila mzee wa kijiji alipakia virago akaenda bara kuanza upya, na wa bara akaja kuanza upya huku. Presha ilipozidi, 2022 sera ikalegezwa na walimu wakaruhusiwa kurudi kwao. Tena nawaelewa, nani hataki kuona familia yake? Ila kaunti iliyotegemea walimu wa kutoka kwingine miaka yote ikabaki inahesabu mapengo.

Ukicheki vizuri, sera zote mbili hazikuuliza swali moja dogo: huyu mtu anajua nini kuhusu hapa, na akienda tutakipata wapi? Ticha kwa TSC ni namba. Namba unaweza kuihamisha bila kupoteza kitu. Binadamu huwezi.

Na pengo linajazwa aje? Kwa muda mrefu, kwa intern. Intern wa junior secondary alikuwa analipwa KSh 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kazi ile ile ya mwenye ajira. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema huo mpango unavunja haki zao. Hao ni mabeshte zetu, ni rika letu. Sasa mtu wa 20,000 asiyejua mwaka ujao atakuwa wapi, atajifunza Kiduruma cha nini?

Pensheni ya kungoja hadi kaburini

Turudi kwa ile ahadi ya 1997, kwa sababu hapa ndipo ninapokasirika. Nyongeza ilisainiwa, ikalipwa awamu ya kwanza, halafu ikakwama, ikaja kumaliziwa miaka mingi baadaye. Waliostaafu hapo katikati, kati ya 1997 na 2007, pensheni yao ilipigiwa hesabu kwa mshahara wa zamani. Walimu zaidi ya elfu 50 nchi nzima. Wakaenda mahakamani Nakuru, na 2008 wakashinda.

Kushinda ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Rufaa zikafuata, kalenda zikageuka, na wengi wao wakazikwa wakiwa na karatasi ya ushindi sandukuni. Hao ndio maticha waliofundisha wazazi wetu. Kama serikali inaweza kumfanyia hivyo mtu aliyeitumikia maisha yake yote, kijana anayefikiria kusomea ualimu leo anajifunza nini? Na kama wewe ni ticha mdogo, jua kwamba tangu Januari 2021 kuna mfuko mpya wa pensheni, na asilimia 7.5 ya mshahara wako inaenda huko. Fuatilia hiyo doh mapema.

Sisemi kila mkongwe ni malaika

Najua kuna msee anaandika komenti tayari: "Kwetu kulikuwa na ticha wa miaka 30 alikuwa anakuja kuota jua." Ni kweli. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2013 ilionyesha walimu wengi wa shule za umma Kenya wako shuleni lakini hawako darasani. Miaka peke yake si sifa. Kuna aliyebaki kwa kupenda, na kuna aliyebaki kwa sababu hakuna aliyemtaka kwingine.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwatofautisha. Sistimu ya sasa inawaweka hao wawili kapu moja, cheo kimoja na mshahara mmoja, halafu tunashangaa mbona anayejituma anachoka.

Kitu kinachoweza kufanyika si uchawi. Weka ngazi ya kupanda ukiwa darasani, bila kulazimisha kila mtu awe hedimasta. Lipa nyongeza kwa miaka aliyokaa shule ngumu, kwa sababu aliyefika jana na aliyemaliza miaka 20 hapo hawajui vitu sawa. Na kabla mkongwe hajastaafu, muajiri mrithi wake mapema, wakae pamoja hata muhula mmoja, amtembeze kwa wazazi.

Hiyo ya mwisho naisema kwa sababu niliiona. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, fee ilinishinda. Mtu pekee aliyenitafuta alikuwa ticha wangu wa primary. Alipata namba yangu kwa mjomba, akapiga simu akauliza nimekula nini siku hiyo, ndipo akaingia mada. Hakunirudisha chuo, lakini alinifanya nianze kuandika tena. Alipostaafu, shule ilimfanyia kasherehe, akapewa saa ya ukutani na leso ya mke wake. Kwa daftari lake la zamani alikuwa na majina ya wanafunzi, jina la mzazi, namba ya simu, na nani anaishi na nyanya yake.

Nikamuuliza hilo daftari ameliacha kwa nani. Akasema alingoja wiki tatu wamlete wa kumrithi, hakuja mtu, akarudi nalo nyumbani. Liko kwa kabati, chini ya ile saa.

Kama una ticha wa hivyo na namba yake bado unayo, mpigie leo. Shikamoo yake ianze, mengine yatafuata. Na kama anangoja pensheni, muulize karatasi zake zimefika wapi. Sisi ndio tunajua kusumbua ofisi kwa simu na kwa mitandao. Tumsumbulie.