Thelma Ritter Hakuwa Msaidizi wa Mtu

Ati Thelma Ritter alikuwa mwigizaji msaidizi! Ndivyo watoaji wa tuzo ya Oscar walivyomwita mara sita, kwa filamu za baina ya 1950 na 1962, na mara zote sita wakamrudisha mikono mitupu. Wahakiki nao wakazidisha: husema mwanamke huyu wa Brooklyn alicheza nafsi moja maisha yake yote, mtumishi au mama mwenye ulimi mkali, kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

Sauti ilikuwa moja, ni kweli. Malenga naye koo lake ni moja, wala hakuna asiyetofautisha tumbuizo lake na ombolezo lake.

Na atazamwe katika Pickup on South Street (1953), filamu ya Samuel Fuller. Yeye ni Moe, ajuza muuza tai, ambaye pato lake la siri ni kuwauza wezi kwa polisi. Fedha huziweka anunulie kaburi, asije akafukiwa pamoja na mafukara wasio na jina. (Aliyepata kumwona bibi akihifadhi sanda yake sandukuni hahitaji kufafanuliwa.) Usiku mmoja muuaji anamwingilia chumbani, anataka kuonyeshwa anakoishi kijana mmoja mchopozi. Moe, aliyekwisha kuuza kila mtu, huyu hamuuzi. Santuri inalia, yeye anazungumza juu ya uchovu tu, uchovu wa mwili uliozunguka mitaani miaka mingi, hata risasi inakuwa kama mapumziko. Shujaa wa filamu hayumo chumbani. Hapo nani anamsaidia nani?

Tuzo ya mwaka ule alipewa Donna Reed.

Miaka tisa baadaye, katika Birdman of Alcatraz, koo lile lile likamtoa mama anayempigania mwanawe asinyongwe, kisha, mwana alipooa, akamgeuka. Mzaha wote umekauka. Umebaki wivu mtupu. Wanaodai nafsi moja waseme: Moe na mama huyu wanafanana nini, ila matamshi?

Jukwaani walikuwa na macho. Mwaka 1958 New York ilimpa tuzo ya Tony kwa New Girl in Town, mchezo wa nyimbo. Aligawana tuzo hiyo na Gwen Verdon, nyota wa mchezo huo huo, na iliandikwa kuwa ya mwigizaji bora wa kike. Neno msaidizi halikuwamo.