Mganga wa Kahura na Mabaraza ya Wataalamu

Mabaraza ya wataalamu juu ya historia ya tiba na uzazi yameongezeka sana tangu mwisho wa karne ya ishirini. Huitishwa Ulaya na Marekani mwaka hata mwaka, na baadhi yake yamezaa matunda mema. Mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulikusanya wajuzi wa zama mbalimbali, hata mwaka 2018 kikatoka kitabu kikubwa kinachoanza na mambo ya kale na kuishia siku hizi. Hapana mwenye akili awezaye kubeza kazi ya namna hiyo. Historia ya uzazi iliachwa muda mrefu mno mikononi mwa matabibu wastaafu walioandika sifa za matabibu wenzao. Heri imetoka mikononi mwao. Walakini imo desturi moja katika mabaraza haya ambayo yafaa ipingwe waziwazi, nayo ni desturi ya kuileta Afrika barazani kama ajabu, kuitazama kitambo, kisha kuitoa nje na kuendelea na mazungumzo.

Ajabu yenyewe ni moja, nayo hurudiwa kila mara. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyesomea utabibu na kufika katika nchi za maziwa makuu pamoja na wamisionari, alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro, mwanamke wa umri upatao miaka ishirini akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu, akafungwa kitandani kwa nguo ya magome ya mti. Mganga alinawa mikono, akaliosha tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyo hiyo na kisha kwa maji. Akapasua toka juu ya kinena hata karibu na kitovu. Msaidizi aliichoma kwa chuma cha moto mishipa iliyotoa damu. Mtoto alipokwisha kutolewa, mganga aliukanda mji wa mimba mpaka ukajikaza, wala hakuushona. Mgonjwa aligeuzwa ili maji na damu vimtoke tumboni, kisha kidonda kilifungwa kwa sindano saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, kikapakwa dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa wazima.

Habari hizi zilisomwa mbele ya chama cha matabibu wa uzazi cha Edinburgh tarehe 9 Januari 1884, zikachapishwa mwaka huo huo. Wasikilizaji walikuwa na sababu ya kutega masikio. Katika Ulaya ya siku zile upasuaji huu uliwaua wanawake wengi waliofanyiwa. Porro wa Pavia alikuwa ameshauri mwaka 1876 kwamba mji wa mimba uondolewe kabisa ili mama asalimike, na Sänger wa Leipzig alitangaza njia yake ya kuushona mwaka 1882 tu. Mtu wa Kahura alikuwa na njia ya tatu.

Je, alikuwa nani? Felkin hakuandika. Alipima joto la mwili wa mgonjwa, akahesabu mapigo ya moyo, akachora sindano na kisu kwa uangalifu, lakini jina la aliyekishika kisu hakuliuliza, au kama aliliuliza hakuliona kuwa lastahili wino. Mwanamke naye hana jina, wala mizizi haina jina. Wapasuaji wote katika mchoro ni wanaume, na haijulikani wakunga walikuwa wapi na walikwisha kufanya nini kabla mganga hajaitwa. Huyu mganga alijifunza kwa nani, na wangapi walikufa mikononi mwa walimu wake kabla mkono wake haujawa na hakika ile? Haya ndiyo maswali ya historia. Kijana msafiri wa mwaka 1879 aweza kusamehewa kwa kutoyauliza. Wataalamu wanaokutana karne moja na nusu baadaye, wenye vyuo, fedha na ndege, hawana udhuru huo.

Mwaka 1993 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliandaa maonyesho ya historia ya upasuaji huu. Mchoro wa Felkin ulikuwamo, na maelezo yake yakasema kwamba tendo lile lilifanyika Kahura, Uganda. Lakini mwaka 1879 Kahura haikuwa Uganda. Ilikuwa Bunyoro, dola ya Kabalega, jirani na mshindani wa Buganda. Yaweza kusemwa kwamba kosa ni dogo. Lau mtu angeandika kwamba Sänger alipasua Ufaransa, kosa hilo lisingeitwa dogo, na aliyeandika angesahihishwa kabla wino haujakauka.

Wapo pia wenye shaka. Hao husema kwamba shahidi ni mmoja, kwamba habari ni nzuri mno, kwamba pengine msafiri aliongeza chumvi. Shaka ni haki ya mwanachuoni. Lakini wenye kushangaa na wenye kushuku wanakaa juu ya mkeka mmoja: wote wanalisoma andiko lile lile la Edinburgh, wakaridhika. (Wengine hucheka kwamba mganga alinong'ona maneno ya uganga kabla ya kupasua. Wacheke kwa kiasi, maana Felkin mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa chama cha siri cha mambo ya uchawi katika Uingereza, na hapana anayetupa vipimo vyake vya joto kwa sababu hiyo.) Davies, mwalimu wa elimu ya maradhi katika Makerere, alijaribu mwaka 1959 kuonyesha kwamba Bunyoro ilikuwa na tiba yenye kufikiri na kujaribu. Hoja yake husifiwa zaidi kuliko inavyoendelezwa.

Tena kuna jambo zito zaidi, ambalo hupitwa upesi barazani kwa sababu halina mchoro. Toka mwaka 1893 Waingereza walipigana na Kabalega, na vita havikwisha mpaka alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Ushelisheli. Nchi ilichomwa, watu wakafa kwa silaha, njaa na maradhi. Kama ulikuwapo ukoo wa wapasuaji, ama shule yao, ilikuwa katika nchi hiyo. Mwaka 1908 Kanali Lambkin alitangaza katika magazeti ya tiba ya Uingereza kwamba kaswende ilikuwa ikiimaliza Uganda, na watu wakaja kuchunguzwa miili kwa shuruti. Baadaye matabibu walitambua kwamba sehemu kubwa ya maradhi yale haikuwa ya zinaa. Wakunga wa kienyeji wakatajwa miongoni mwa sababu za vifo vya watoto. Hivyo haikupita hata miaka thelathini toka siku ya Kahura kabla nchi zile hazijaelezwa, mbele ya mabaraza ya wataalamu, kama nchi zisizojua kuzaa. Mabaraza ya leo ni warithi wa mabaraza yale, na ukarimu wa kuonyesha mchoro mmoja haulipi deni hilo.

Husemwa kwamba ushahidi wa Waafrika wenyewe haupo. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, kilichokusanywa na Velten. Mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Zimo humo habari za mimba, za mkunga na za malezi ya mtoto mchanga, kwa Kiswahili safi, kwa kalamu ya mtu aliyelelewa ndani ya desturi hizo. Tafsiri ya Kiingereza ilingojewa mpaka mwaka 1981, lakini mwenye kujua Kiswahili hakuwa na haja ya kungoja. Mwanachuoni wa uzazi wa Ugiriki ya kale haruhusiwi kusema neno pasipo Kigiriki. Mwanachuoni wa uzazi wa Afrika Mashariki huruhusiwa kusema saa nzima pasipo Kiswahili, Kinyoro wala Kiganda, na mwisho akapigiwa makofi.

Basi waandaaji wa mabaraza haya wayapeleke Hoima na Bagamoyo kabla ya kuyarudisha Cambridge. Waalike wakunga wazee wakiwa mashahidi, walipwe nauli na posho sawa na maprofesa, na maneno yao yaandikwe kwa lugha waliyoyasema, jina la msemaji likiwa juu ya ukurasa kama wakubali litajwe. Mizizi ielezwe kwa majina ambayo wachimbaji wake huiita. Na mchoro wa Kahura usionyeshwe tena pasipo mtu wa Bunyoro kukaa mezani mwenye haki ya kuuliza swali la kwanza.