Kidonge cha P2: usisubiri hadi Jumatatu



Kama ulifanya ngono bila kinga, kondomu ilipasuka au tarehe yako ya sindano ilipita, bado unaweza kuzuia mimba. Lakini saa zinakwenda. Mimi ni muuguzi wa jamii, na wengi wanaoniuliza kuhusu P2 huja Jumatatu kwa jambo lililotokea Ijumaa usiku. Kufikia hapo, saa 60 hivi zimeshapita.

Kwa nini suala hili ni zito sasa?

Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dawa za kupanga uzazi kwa nchi kama zetu. Dawa za thamani ya dola milioni 9.7 zilikwama kwenye ghala nchini Ubelgiji, na serikali ya Marekani ikasema zitateketezwa. Sehemu kubwa ilikusudiwa nchi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Habari za mbali kama hizo huweza kumfikia mama kwa maneno machache tu kliniki: "Sindano imeisha, rudi wiki ijayo." Akirudishwa nyumbani bila kinga, kemisti na P2 ndiyo tegemeo linalobaki. Lakini P2 haiwezi kuziba pengo hilo. Ukiimeza kila mara, kinga yake ni ndogo kuliko ya sindano au kipandikizi, na kila mara unalipa upya.

Inafanyaje kazi?

P2 huchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, haisaidii sana. Ndiyo sababu kumeza leo ni bora kuliko kesho.

- Meza mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Hadi siku 5 inaweza kusaidia, ila nguvu yake hupungua.
- Pakiti ikiwa na vidonge viwili vya miligramu 0.75, vimeze vyote viwili kwa pamoja.
- Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi.
- Kama unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au ARV, mweleze mhudumu kwanza. Baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya P2.
- Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.

Koili ya shaba, ikiwekwa na mhudumu ndani ya siku 5, hukinga vizuri kuliko vidonge vyote vya dharura, na huendelea kukukinga kwa miaka mingi.

Maneno ya mtaani

P2 haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Haileti ugumba. Mama anayenyonyesha anaweza kuimeza. Lakini haikukingi na virusi vya Ukimwi. Kama hujui hali ya mwenzako, omba PEP pia ndani ya saa 72. Hiyo humezwa kwa siku 28.

Kama ni binti yako

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 nchini Kenya ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Msichana anayemwogopa mama yake hupoteza saa nyingi akitafuta ushauri kwa marafiki. Akikuambia, usianze na "ni nani?" Anza na "ilikuwa lini?" Maswali mengine yatangoja, P2 haitangoja.

Kama alilazimishwa, mpeleke hospitali mara moja, kabla ya kuoga au kufua nguo zake. Huko ataweza kupata dawa ya kuzuia mimba, PEP na matibabu mengine. Nchini Kenya unaweza pia kupiga simu 1195 bila malipo.

Usingoje dharura

Kabla tarehe yako ya sindano haijafika, uliza kituoni kama dawa ipo. Ikiwa haipo, usirudi nyumbani mikono mitupu. Omba kondomu, na uliza njia gani nyingine inapatikana siku hiyo. Na kama dharura imekwisha kutokea, usisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu. Nenda kemisti au hospitali iliyo wazi leo.