Tuache Kurusha Neno "Mchawi"

Waandishi wenzangu, mimi nimechoka! Kila hadithi tunayosomeana hapa Karatu, mganga ni mchawi mwenye macho mekundu, na mchungaji ndiye shujaa. Nani katufundisha hivyo?

Fungueni Marko 3. Yesu anatoa pepo, halafu waandishi, ndiyo, waandishi!, wanashuka kutoka Yerusalemu na kusema anatumia nguvu za mkuu wa pepo. Karne ya 2 Celsus akaandika kwamba Yesu alijifunzia uchawi Misri. Nao Wakristo wakamwita Simoni wa Samaria mchawi, ingawa Matendo 8 inasema alishabatizwa. Basi mchezo ni ule ule: wa kwangu nabii, wa kwako mchawi.

Sasa njooni kwetu. Mwaka 2011, Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alichemsha mizizi ya mti na kugawa dawa kwa kikombe, sh. 500 tu. Umati ukafurika, hata vigogo. Je, angekuwa laiboni wa Kimasai, asiye na kanisa, tungemwitaje? Jibuni wenyewe.

Sisemi waganga wote ni safi. Matapeli wapo tele, na waliowakata albino viungo ni wauaji. Basi tapeli tumwandike tapeli, muuaji muuaji. Lakini macho mekundu? Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho hayo, kumbe ni moshi wa jikoni! Ndugu yangu, kabla hujaandika "mchawi", jiulize nani atalisoma neno hilo akiwa na panga mkononi.