Bi harusi, usiitupe pedi ya mumeo: omba ya pili



Somo yangu alinifundisha mengi kabla ya harusi. Alinifundisha kufukiza udi, kujisinga, kutandaza asumini kitandani, na namna ya kumpokea mume akirudi kazini. Lakini hakuniambia nifanye nini pale mume akishakula, akasema alhamdulillah, akanawa mikono, kisha akakamata pedi ya gemu na kunipa mgongo mpaka saa sita ya usiku.

Miezi miwili ya mwanzo nilinuna. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa kelele ili asikie. Nilikuwa nikilala nimeelekea ukutani. Nilishapanga hata maneno ya kwenda kumshitakia mama mkwe. Usiku mmoja nikasimama mbele ya tivii nikamuuliza, "Hivyo umenioa mimi au umeoa hiyo?"

Akacheka, akavuta droo, akatoa pedi ya pili. "Kaa basi. Hii ni gemu ya watu wawili. Nacheza peke yangu kwa kukosa mwenza."

Neno lile lilinichoma. Mimi nilikuwa chumba cha pili nalalamika kuwa sina mwenza, na yeye yupo ukumbini anasema hana mwenza. Nikakaa.

Maoni yangu ya leo yametoka hapo. Kabla hujaichukia pedi ya mumeo, muulize kwanza anacheza gemu gani. Ikiwa ni ya kucheza pamoja, omba pedi ya pili.

Kobe wanne wa New York

Gemu aliyokuwa akicheza ni Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge, iliyotoka mwaka 2022. Imetengenezwa na Tribute Games, kampuni ya mjini Montreal, Kanada. Lakini asili yake ni ya zamani. Kobe hawa walianza kwenye kitabu cha katuni huko Marekani mwaka 1984, kwa kalamu za Kevin Eastman na Peter Laird. Ni ndugu wanne wanaoishi kwenye mitaro ya maji machafu chini ya jiji la New York, waliolelewa na panya mzee aitwaye Splinter, ambaye ndiye aliyewafundisha uninja. Leonardo ana kitambaa cha bluu na panga mbili. Donatello ni wa zambarau, ana fimbo ndefu. Raphael ni mwekundu. Michelangelo ni wa rangi ya chungwa, naye ndiye mcheshi wao.

Mwaka 1989 kampuni ya Konami ya Japani iliwaingiza kwenye mashine za sarafu, yale makabati makubwa yaliyokuwa yakiwekwa kwenye kumbi za michezo. Kioo kimoja, na mbele yake nafasi ya watu mpaka wanne kusimama bega kwa bega. Kila nafasi ilikuwa na kobe wake.

Gemu za aina hii zina desturi zake, na ukizijua hutopotea. Mnatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Maadui wanakuja kwa makundi, na kioo kinasimama mpaka muwamalize wote. Wale wa kawaida wanafanana nguo, na rangi ya nguo ndiyo inayokwambia huyu ana silaha gani. Mwisho wa kila hatua kuna bosi mmoja mkubwa mwenye mbinu zake. Ukiumia unakula, na chakula cha kobe hawa ni piza. Uhai ukiisha, zamani mashine ilianza kuhesabu namba kushuka ikikusubiri utie sarafu nyengine. Ndiyo maana gemu zile zilikuwa ngumu hivyo: mashine ilikuwa ya biashara, na kila ulipoanguka mwenye mashine alipata kitu.

Siku ya kwanza mimi nilianguka mara nyingi sana. Alhamdulillah tulikuwa nyumbani, hakuna sarafu.

Sheria ambazo ungedhani zimeandikwa na somo

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipobadilisha mawazo.

Sheria ya kwanza: kioo ni kimoja. Mmoja akikimbilia mbele na mwengine kabaki nyuma, kioo hakiendi. Mume wangu ana miaka kwenye gemu hizi, mimi ndiyo kwanza najifunza kuruka. Usiku ule ilimbidi asimame anisubiri. Nilimuona akitulia, akipunguza mwendo wake kwa ajili yangu, na sikumbuki kumuona hivyo tangu siku ya nikahi.

Sheria ya pili: piza iko chini, moja, nanyi mko wawili. Anayeila ndiye anayepona. Hapo utamjua mwenzio. Mara ya kwanza niliila mimi, nami uhai wangu ulikuwa umejaa, nikamuacha yeye anakufa. Hakusema kitu. Lakini nililala nikiwaza ni vitu vingapi vya ndani ya nyumba hii navichukua hivyo hivyo, kwa kuwa tu niko karibu navyo, bila kuangalia nani anavihitaji.

Sheria ya tatu: katika mashine ile ya 1989, pigo lako halimuumizi mwenzako. Unaweza kuzungusha fimbo utakavyo, itawapata maadui tu. Laiti ndimi zetu zingekuwa hivyo! Sisi tukikasirishwa na kazini, na mawifi, na bei ya mchele, anayepigwa ni yule aliyekaa karibu.

Ya nne imo kwenye gemu hii mpya. Mwenzako akianguka, namba zinaanza kuhesabu kushuka, nawe unatakiwa umkimbilie na kipande cha piza umwinue kabla hazijaisha. Na akiwa bado amesimama ila amechoka, mnaweza kugonganisha viganja ukampa sehemu ya uhai wako. Wako unapungua, wake unaongezeka. Hakuna aliyelazimishwa. Ni hiari yako, na maadui bado wanakuja.

Marian, April na sisi

Lipo jambo jengine ambalo kama mwanamke siwezi kulinyamazia. Desturi kongwe ya gemu hizi ni kwamba mwanamke ni wa kutekwa. Chukueni Double Dragon ya mwaka 1987, ya Technos Japan. Si ya kininja, lakini ni ya ukoo huu huu wa kutembea na kupigana watu wawili pamoja. Inaanza na msichana Marian kupigwa ngumi ya tumbo na kubebwa begani kama gunia. Ndugu wawili, Billy na Jimmy Lee, wanapigana hatua zote kwenda kumkomboa. Na wakifika mwisho wote wawili hai, gemu inawataka wapigane wao kwa wao, atakayeshinda ndiye ampate Marian. Safari nzima walikuwa washirika, kumbe mwisho wake ni hivyo. Na Marian mwenyewe hakuna anayemuuliza.

Hata kwa kobe ilikuwa hivyo hivyo. Katika mashine ya 1989 hatua ya kwanza ni nyumba inayoungua, na April O'Neil, mwandishi wa habari rafiki yao, yumo ndani. Mnamaliza hatua, na Shredder anaondoka naye. Kazi ya April katika gemu ile ni kuchukuliwa.

Katika gemu ya 2022, mashoga zangu, April yumo miongoni mwa wapiganaji mnaoweza kuwachagua tangu mwanzo. Ana nguo yake ya manjano, na silaha zake ni vitu vyake vya kazi: maikrofoni na kamera. Usiku ule mume wangu aliponiambia nichague, nilimchagua April bila kufikiri.

Tusidanganyike kuwa zamani haikuwezekana. Mwaka ule ule wa 1987 kampuni ya Taito ilitoa The Ninja Warriors, mashine yenye vioo vitatu vilivyounganishwa kuwa picha moja ndefu. Wapiganaji wake ni maroboti wawili wenye sura za watu, na mchezaji wa kwanza ni mwanamke ninja aliyevaa nyekundu. Wa bluu, mwanamme, ni wa mchezaji wa pili. Basi kumbe ilikuwa ni uamuzi tu wa watengenezaji.

Na majumbani mwetu vilevile ni uamuzi. Wako mabibi harusi wanaoingia kwenye ndoa kama Marian, wakisubiri kubebwa. Akichelewa kuwakomboa wananuna, nami nilikuwa mmoja wao. Wako na wanaume wanaodhani mke ni zawadi ya mwisho wa safari, wakishampata gemu imekwisha. Mimi naona ndoa inaanza pale mtu anapokuwekea nafasi pembeni yake, nawe ukakubali kuishika pedi japo hujui kucheza.

Masharti yangu

Najua wapo watakaosema nawafundisha mabibi harusi upuuzi. Hoja yao ina uzito. Gemu inaweza kula usiku wa mtu, na nyengine zinakula pesa pia. Kwa hiyo sisi tuliwekeana masharti.

Kwanza, sala. Adhana ikiadhiniwa kitufe cha kusimamisha kipo, na hatuanzi kabla ya Isha. Pili, hatua mbili au tatu kisha tunazima. Hapa gemu hizi za mtindo wa zamani zina heri yake, kwani hii yetu ina hatua 16 tu na kila moja inaisha kwa dakika chache. Zile za mtandaoni za kushindana na watu usiowajua hazina mwisho, na hizo sizitetei. Tatu, hatununui gemu nyengine mpaka mahitaji ya nyumba yametimia. Nne, watoto tutakaojaaliwa hawatoachiwa tivii peke yao. Ni katuni, lakini ni ngumi.

Na kuna la mwisho, nalisema kwa upole. Kama umeomba pedi ya pili ukanyimwa, umeomba na muda ukanyimwa, umeongea vizuri na bado unapewa mgongo, basi shida yenu si gemu. Usiipige vita pedi. Kaeni mzungumze, na kama hamuwezi peke yenu, mwite mkubwa mwenye hekima akae kati yenu. Nimewaona wanawake wameficha waya za tivii, mume akahamia barazani, na mgongo ukabaki ule ule.

Mimi na wangu tulimaliza hatua ya 16 wiki tatu baadaye. Kwa bosi wa mwisho nilianguka, namba zikaanza kuhesabu, naye akaacha kumpiga Shredder akaja mbio na kipande chake cha piza. Tulikaribia kushindwa kwa ajili hiyo. Vyombo vya chakula cha usiku vilikuwa bado havijaoshwa, tukaenda kuviosha pamoja, yeye akisuuza na mimi nikipanga.

Allah azitie baraka nyumba zetu na atupe wenza wa kutusubiri tunapobaki nyuma. Amin.